Chakula cha mchana sekondari ya kutwa: kupanga stoo kwa kalenda ya mavuno ya Dodoma

Shule nyingi za sekondari za kutwa pembezoni mwa jiji la Dodoma, kuanzia Nzuguni na Ihumwa hadi Mkonze na Zuzu, zimewahi kuanzisha chakula cha mchana kikafa kabla ya mwaka kuisha. Ukichunguza, mara nyingi haikuwa ukaidi wa wazazi wala uvivu wa wapishi. Ni tarehe. Shule hufungua Januari, mkuu wa shule anaitisha kikao cha wazazi Januari, na mchango unatakiwa Januari hiyohiyo. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili. Januari ghala la nyumbani limekwisha, shamba jipya ndiyo kwanza linapaliliwa, na mahindi sokoni yako kwenye bei ya juu kuliko miezi mingine. Mzazi anaombwa gunia wakati yeye mwenyewe ananunua kwa kilo.

Kwa hiyo mwaka wa chakula wa shule usianze Januari. Uanze Julai, mavuno yakiwa ndani na bei ikiwa chini, uishie Juni inayofuata. Mambo mengine yote katika mwongozo huu yanategemea uamuzi huo mmoja. Mfano utakaotumika ni shule ya wanafunzi 400 wa kidato cha kwanza hadi cha nne. Nawe utazidisha au kupunguza kufuatana na idadi yako.

Hesabu ya mwaka mzima

Mwaka wa masomo una siku 194. Ratiba rahisi inayowezekana kwa mazingira yetu ni makande siku tatu kwa wiki na ugali kwa maharage siku mbili. Kwa mwaka zinakuwa siku 116 za makande na 78 za ugali.

Siku ya makande mwanafunzi mmoja hupata gramu 150 za mahindi na gramu 50 za maharage, zote zikiwa kavu. Siku ya ugali ni gramu 200 za unga na gramu 60 za maharage. Mafuta ni mililita 7 kwa siku, chumvi gramu 3, tena iwe yenye madini joto. Kwa kijana wa miaka 15 au 16 hiki si kipimo cha anasa, ila kinamshibisha hadi afike nyumbani. Ukishuka chini ya hapo utaona mabaki yanaisha kabisa na bado wanafunzi wanaomba nyongeza. Hiyo ndiyo dalili kwamba kipimo ni kidogo.

Ukizidisha kwa siku zake, na kuongeza asilimia 5 ya upotevu wa kupepeta, kuchambua na mashineni, mwanafunzi mmoja anahitaji kilo 35 za mahindi, kilo 11 za maharage, lita 1.4 za mafuta na gramu 600 za chumvi kwa mwaka. Shule ya 400 inahitaji:

- mahindi kilo 14,000, yaani gunia 140 za kilo 100
- maharage kilo 4,400, gunia 44
- mafuta ya alizeti lita 560, madumu 28 ya lita 20
- chumvi kilo 240

Juu yake kuna vitunguu, nyanya, nishati, malipo ya wapishi, maji, sabuni na kusaga. Hivi havihifadhiki, kwa hiyo vinalipwa kwa fedha mwezi kwa mwezi. Ndiyo maana mchango lazima uwe na sehemu mbili: nafaka mara moja kwa mwaka, na fedha kidogo kila mwezi. Shule iliyokusanya nafaka tu hujikuta ina stoo iliyojaa na jiko lililozima.

Kikao, muhtasari na kibali

Tangu Januari 2016 ada imefutwa katika shule za serikali kwa kidato cha kwanza hadi cha nne. Chakula cha shule ya kutwa ni mchango wa hiari wa wazazi, si ada, na tofauti hiyo ionekane katika karatasi zote. Itisha mkutano wa wazazi mwezi Mei. Weka mezani hesabu iliyo hapo juu kwa bei za wiki hiyo, siyo bei za kukumbuka. Wazazi wajadili wakubaliane, muhtasari uandikwe na kusainiwa, mahudhurio yaambatanishwe. Upitie bodi ya shule, afisa mtendaji wa kata aujue, kisha uende halmashauri kuombewa kibali. Usianze kupokea hata debe moja kabla kibali hakijarudi. Juni nzima imeachwa kwa ajili ya hilo.

Katika mkutano huohuo wazazi wachague kamati ya chakula ya watu saba: wazazi watano, angalau watatu wakiwa akina mama, na walimu wawili. Mwenyekiti awe mzazi. Fedha ziingie benki kwenye akaunti ya shule na mzazi apewe risiti. Mwalimu asishike fedha ya chakula mkononi hata kwa siku moja. Mwalimu mwadilifu anayekusanya elfu mbili mbili darasani bila risiti huchafuka jina bila kosa, na mpango unachafuka naye.

Liko jambo moja ambalo kikao kisiliache wazi: mtoto ambaye mzazi wake hajachangia anakula au hali? Anakula. Kumrudisha nyumbani kwa sababu ya mchango hairuhusiwi, na kumwacha akae chini ya mti akitazama wenzake wakila ni kumfukuza kwa njia nyingine. Kesho hatakuja. Deni ni la mzazi, na linafuatiliwa na kamati nyumbani kwa mzazi au kupitia balozi na mtendaji wa mtaa. Jina la mtoto lisisomwe mstarini. Kwa hesabu, panga tangu mwanzo kwamba kaya moja kati ya kumi haitaweza kutoa, na ziba pengo hilo kwa shamba la shule au kwa kazi: mzazi asiye na gunia anaweza kupura, kutengeneza chaga za stoo, kusomba maji au kupepeta. Siku za kazi ziandikwe kwenye daftari lilelile la michango, na thamani yake ikubaliwe kikaoni.

Mkulima na mfanyabiashara katika mtaa mmoja

Shida ya pembezoni mwa jiji ni kwamba wazazi hawafanani. Nyumba moja inalima Hombolo au Makutupora na ina mtama stoo. Nyumba ya jirani ni ya bodaboda au mama lishe ambaye hana hata kitalu cha mchicha, ila kila jioni ana fedha kidogo mfukoni. Ukiwalazimisha wote kutoa gunia, huyu wa pili atanunua kwa mchuuzi kilo za mwisho wa gunia, chafu na zenye mawe. Ukiwalazimisha wote kutoa fedha, mkulima atauza mahindi yake kwa bei ya kutupa Julai ili alipe.

Ruhusu njia zote mbili. Mkulima analeta kilo 35 za mahindi, au mtama au uwele kilo kwa kilo. Badala ya maharage alete kunde, choroko au njugu mawe, maana maharage hayastawi vizuri kwenye nyanda zetu kavu ilhali hizo zipo. Mwenye fedha analipa thamani yake kwa awamu za kila wiki, kuanzia mwanzoni mwa Julai, kibali kikiwa kimetoka, hadi mwisho wa Agosti. Fedha hizo zinunue mahindi mwezi wa nane, zisisubiri. Soko la kulinganisha bei ni Kibaigwa, barabara ya Morogoro, ambako malori ya mahindi hukusanyika. Na maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula yapo Kizota, nako kaulizeni. Shule mbili au tatu za kata jirani zikinunua pamoja na kukodi lori moja, gharama ya usafiri kwa gunia hupungua sana.

Pima kwa mizani. Debe moja la mahindi linaweza kuwa kilo 15 likikatwa juu na kilo 18 likiwekwa kilemba, na kila mtu ana debe lake. Gunia la lumbesa nalo ni kishawishi: muuzaji hukuambia ni gunia moja, nawe ukalipia gunia moja, halafu kwenye leja likaandikwa kilo 100 wakati zimo 120. Hapo mtunza stoo ana kilo 20 zisizo na mwenyewe. Stoo yenye kilo zisizo na mwenyewe haikai salama. Mizani ya kusimama ya kilo 150 ndicho kifaa cha kwanza kununua, kabla ya sufuria.

Kidato cha kwanza hawakuwapo Julai

Hapa ndipo mipango mingi inapopasukia. Kidato cha nne wanamaliza mtihani Novemba na kuondoka. Kidato cha kwanza wanaingia Januari na hawakuchangia mavuno yaliyopita. Suluhisho ni kumtoza mzazi wa kidato cha nne nusu tu mwezi Julai, kilo 17.5 za mahindi na kilo 5.5 za maharage, kwani mtoto wake atakula muhula mmoja. Mzazi wa kidato cha kwanza atadaiwa nusu kuanzia Januari. Lakini nafaka ya watoto hao lazima iwe imenunuliwa tayari Agosti. Kwa wanafunzi 110 ni kilo 1,925 za mahindi, gunia 19 na ushee.

Fedha ya kununulia zitoke wapi? Mazao ya shamba la shule yatengwe kwa kazi hii kabla ya jambo lingine lolote. Wazazi wa kidato cha kwanza wakilipa kwa fedha kuanzia Januari, fedha hizo zisilipie mahindi ya bei ya Februari. Zikae benki zikisubiri Agosti kununulia kidato cha kwanza wa mwaka unaofuata. Mwaka wa kwanza ni mgumu. Kuanzia wa pili mzunguko unajiendesha.

Kupokea nafaka bila kupokea sumu

Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hii hutengenezwa na kuvu, haionekani kwa macho, haina ladha, na kupika hakuiondoi. Shule inayolisha watoto 400 kutoka stoo moja haina nafasi ya kukosea hapa: gunia moja baya likisagwa na mengine, ubaya wake unagawiwa kwa wote.

Siku za kupokea ziwe chache na zitangazwe, kwa mfano Jumamosi nne za Julai. Kila mzigo upite meza tatu. Meza ya kwanza hutandazwa turubai na gunia humwagwa lote, si kuchungulia juu tu. Punje zenye rangi ya kijani, kijivu au nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zilizonyauka zinatolewa kwa mkono. Mzigo ukiwa na ukungu mwingi unakataliwa wote, kwa heshima, na mzazi anaelezwa kwa nini. Mwambie waziwazi asiutengenezee pombe na asiwape kuku. Watu wengi hudhani pombe inaua sumu, haiui.

Meza ya pili ni ya unyevu. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kama hakuna kipima unyevu, chupa na chumvi vinatosha kukataa mzigo mbichi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Tia vijiko vitatu vya chumvi ambayo umeikausha juani au juu ya jiko mpaka inamwagika kama mchanga, kisha jaza mahindi hadi theluthi ya chupa. Funga, tikisa dakika moja, iache itulie kwa dakika kama 15. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15: yarudi juani kwenye turubai, yatandazwe unene usiozidi vidole vitatu, yageuzwe kila saa. Ukuta ukibaki safi, yapeleke meza ya tatu. Kosa la kawaida ni chumvi yenyewe kuwa na unyevu. Basi kila mzigo unaonekana mbichi, wapokeaji wanachoka, wanaacha kupima. Kausha chumvi upya kila asubuhi, na ijaribu kwanza kwa kuitikisa peke yake ndani ya chupa tupu.

Meza ya tatu ni mizani na daftari: jina la mzazi, la mwanafunzi, aina ya nafaka, kilo, saini ya aliyeleta na ya aliyepokea. Risiti itolewe palepale.

Stoo

Chumba kiwe na paa lisilovuja, sakafu ya saruji, dirisha lenye wavu na mlango wenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja kwa mtunza stoo, wa pili kwa mjumbe mzazi. Magunia yasiguse sakafu. Panga chaga za mbao zenye kimo cha sentimita 15, na acha nusu mita kati ya lundo na ukuta ili mtu apite akikagua na panya asipate kichochoro cha kujificha. Saruji hupitisha ubaridi na unyevu, na gunia la chini likiguswa na unyevu huo linaoza kutokea chini huku juu likionekana zima.

Adui mkubwa wa mahindi ni dumuzi, ambaye wengine humwita skania. Akiingia Agosti, Januari unakuta vumbi. Dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka hufanya kazi kwa miezi michache, lakini kwa chakula cha watoto mifuko isiyopitisha hewa ni bora zaidi: ile yenye mifuko miwili ya plastiki nzito ndani na kiroba nje. Wadudu wanakosa hewa wanakufa, bila dawa. Jaza mfuko wa ndani, acha kama sentimita 30 juu, sukuma hewa itoke kwa kukandamiza, sokota mdomo, ukunje, funga kwa mpira. Rudia kwa mfuko wa pili, kisha kiroba. Usiufungue mwezi wa kwanza. Ukiufungua, utumie wote. Kufungua na kufunga kila siku kunarudisha hewa, na wadudu nao.

Mifuko hiyo si bei rahisi, na si lazima kwa gunia zote 140. Gunia 35 za kwanza zitaliwa kabla ya Oktoba, zikae kwenye viroba vya kawaida. Zinazobaki ziingie kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na maharage yote bila kubakiza, maana maharage huliwa na wadudu upesi kuliko mahindi. Nafaka mbichi isiwekwe humo kamwe: wadudu watakufa, ila ukungu utaanza.

Dona au sembe?

Mwaka hadi mwaka swali hili hurudi kikaoni. Gunia la kilo 100 likisagwa dona hutoa unga karibu wote. Likikobolewa kwa sembe unapata kama kilo 70 hadi 75, kinachobaki ni pumba. Hesabu ya kilo 35 hapo juu ni ya dona. Ukitaka sembe, ongeza angalau theluthi kwenye mahindi ya siku za ugali. Dona lina virutubisho zaidi na linashibisha. Lakini sumukuvu, ikiwapo, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo dona ni salama pale tu uchambuzi wa meza ya kwanza unapofanyika kwa dhati. Maoni yetu: chambua vizuri, kula dona. Shule isiyoweza kuchambua ikoboe.

Dona halikai. Mafuta ya kiini huchacha na unga unakuwa mchungu ndani ya wiki chache, hasa joto la Oktoba na Novemba. Saga wa wiki mbili tu: kwa siku nne za ugali ni kilo 320. Mjumbe wa kamati aende mashineni, apime mahindi yanayoingia na unga unaotoka. Mkikoboa, pumba ni mali ya shule. Ziuzwe na fedha ziandikwe.

Mtama au uwele changanya na mahindi, robo kwa robo tatu mwezi wa kwanza, kisha nusu kwa nusu. Watoto waliokulia mjini huukataa ugali mweusi ukija ghafla, lakini wakiuzoea wanauomba, hasa siku yenye mlenda.

Jikoni

Serikali imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Panga jiko la gesi au la mkaa mbadala tangu kwenye bajeti ya kwanza. Ukitumia gesi, usikadirie matumizi kwa kusikia: pima mtungi asubuhi na jioni kwa wiki mbili, siku za makande na siku za ugali mbalimbali, ndipo uandike bajeti. Makande yatakula gesi zaidi, na dawa yake ni kuloweka.

Mahindi ya makande yakobolewe. Yalowekwe saa 12 jioni pamoja na maharage kwenye vyombo tofauti, maji yafunike kwa kiganja kimoja juu. Asubuhi maji hayo yamwagwe, yasipikiwe. Jiko liwashwe saa 1:30. Kwa kila wanafunzi 100, sufuria ya lita 100 inapokea kilo 15 za mahindi, kilo 5 za maharage na lita 45 hadi 50 za maji, na maji ya kuongeza yawe ya moto. Maharage yachemke kwa nguvu tangu mwanzo, angalau dakika 10, maana maharage mekundu yaliyopashwa moto mdogo tu huumiza tumbo. Chumvi, gramu 300, iingie mwishoni. Kaanga kilo 1 ya vitunguu na kilo 1.5 ya nyanya kwa mililita 700 za mafuta, ndipo uunge. Magadi tuyaache. Yanalainisha kweli, ila yanaua vitamini za maharage. Maharage yasiyoiva hata baada ya saa tatu ni ya zamani. Lawama si ya mpishi bali ya aliyenunua.

Ugali wa watu 400 haupikwi kwenye chungu kimoja. Sufuria nne, kila moja kilo 20 za unga na lita 40 za maji, mpishi mmoja kila sufuria. Tenga kilo 3 za unga, koroga na maji ya baridi, mimina kwenye maji yanayochemka upate uji mzito. Acha uchemke dakika 10 ndipo uanze kusonga. Anayerukia kusonga bila uji hupata madonge yenye unga mbichi katikati. Sufuria moja hutoa karibu kilo 57, kwa hiyo kila mtoto hupata nusu kilo na kidogo. Tafuta bakuli linalochukua uzito huo, lipime, liwe ndilo kipimo kila siku. Upawa wa mboga nao upimwe vivyo hivyo. Mpishi anayepakua kwa macho atawajaza waliotangulia na kuwapunja wa mwisho, na wa mwisho kwa kawaida ni wasichana wadogo wa kidato cha kwanza.

Wapishi wanne wapimwe afya kila miezi sita, cheti kibandikwe jikoni. Kwa maji, hesabu lita 1,200 kwa siku: kupikia, kunawa, kunywa na kuosha vyombo. Tanki la lita 5,000 linavusha siku nne za mgao. Paa la mita za mraba 100 lenye mifereji mizima linaweza kuvuna karibu lita 44,000 kwa mvua ya mwaka wa kawaida Dodoma, ambayo ni kama milimita 550. Vibuyu chirizi vinane karibu na jiko vinatosha kunawa na vinatumia maji machache kuliko bomba.

Kutoa stoo na kugawa

Saa 2:00 asubuhi viranja wa madarasa wanaleta idadi ya waliohudhuria. Stoo inatoa kwa idadi hiyo, siyo kwa idadi ya waliosajiliwa. Kukiwa na 362, siku ya makande ni kilo 54.3 za mahindi na kilo 18.1 za maharage. Kwa kuwa makande hulowekwa jana yake, tumia mahudhurio ya jana, na tofauti isahihishwe kwenye utoaji unaofuata. Leja isainiwe na mtunza stoo, mpishi mkuu na mwalimu wa zamu. Walimu wanaokula wahesabiwe na wachangie. Sahani za walimu zisizoandikwa ndizo mwanzo wa maneno kijijini.

Fungua madirisha manne, kila kidato na lake. Sekunde 10 kwa mtoto mmoja, watoto 100 wanapita kwa dakika 17, na kipindi cha dakika 40 kinatosha kula na kuosha. Dirisha moja kwa wote hula saa nzima na somo la alasiri linapotea.

Shamba la shule

Mahindi shambani Dodoma ni bahati nasibu. Kongwa iliwashinda hata Waingereza na matrekta yao, walipoanza mradi wa karanga mwaka 1947 na kuufunga 1951. Ukame ulikuwa sababu mojawapo kubwa. Panda mtama mweupe wa muda mfupi kama Macia, mvua za kwanza za Desemba zikiloanisha udongo vizuri, na mpakani kunde. Wakati mtama unatia maziwa, kwelea kwelea wanaweza kumaliza ekari nzima kwa siku chache, kwa hiyo zamu ya kuamia ndege ipangwe na wazazi. Wanafunzi wasitolewe darasani kwa kazi hiyo. Likizo ya Juni ikikaribia, vuna, kausha kwenye turubai, pura, na mazao yapite meza zilezile tatu kama ya mzazi yeyote.

Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo hiyo, kamati nzima iingie stoo na mizani. Pima kila kilichobaki, linganisha na leja, andika tofauti hata ikiwa kilo mbili, na bandika karatasi hiyo ubaoni nje ya ofisi pamoja na idadi ya milo iliyotolewa. Nafaka ya zamani iwekwe mbele karibu na mlango ili ianze kuliwa. Sakafu ifagiliwe, chaga zianikwe juani siku mbili, mashimo ya panya yazibwe kwa saruji, viroba vitupu vichemshwe na kukaushwa. Jumamosi ya kwanza ya Julai turubai litandikwe tena.